Vilima vya Ndani ya Simu

Nyamitaba, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

TANGAZO. Kwa wakaaji wote wa Nyamitaba, wakulima na wafugaji, wanaosema na wanaonyamaza, na kwa serikali kama iko inasikia: leo siku ya Mungu, saa nane na dakika kumi za muchana, Mukankusi, binti wa marehemu Papa Sebarenzi, ameshinda niveau ya kumi na moja. Hakuna aliyekufa. Ng'ombe wameendelea kula majani. Asanti.

Mudogo wangu Théogène,

Kisha tangazo, salamu. Mama ameketi hapa pembeni anahakikisha kama nimeandika zake mbele ya zangu. Iko muzima. Goti la kushoto linamusumbua wakati wa mvua, na mvua iko kila siku, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Ile ng'ombe yake ya rangi ya udongo ilizaa dume, Mama akanuna siku mbili kama vile ni wewe umezaa. Maharagi yamekubali. Viazi vinafikiri kwanza.

Sasa neno lenyewe. Ulipokuja kwa Bonane, mwaka mupya, ukaniachia ule muchezo ndani ya simu, nilisema ni mambo ya wavivu wa machimbo ya zahabu ya Omate. Nakuomba musamaha. Michezo ya wale wanaoniletea simu za kuchaji kwa panneau yangu ya jua naijua: magari, bunduki, damu inaruka, muziki unapiga kama harusi. Huu wako hauna kitu. Ukurasa mweupe. Viduara vyeusi, kila kimoja na namba ndani. Mistari myembamba kati yao. Njo basi. Hakuna sauti, hakuna muntu, hakuna hadithi. Jina lake ni la Kiingereza, halikubali kuingia kinywani, kwa hiyo hapa tunauita Vilima. Kilima chako ukikigusa, nusu ya watu wanatoka kwenda kwa jirani, na wewe unabaki na nusu na hofu. Kile chekundu, cha adui, kinangoja. Ni hayo tu, na nimeunguza sufuria mara tatu.

Unataka kujua kinachonivuta? Kilima kinachoachwa kwa amani kinaongezeka chenyewe. Moja, mbili, tatu, hakuna anayekuja. Niko na miaka makumi ine na mbili juu ya kilima, sijawahi kuona jambo hilo. Watu wanaoleta simu wanasimama nyuma yangu, wanaangalia zile namba zikipanda, na wanasahau simu zao.

Muchezo uko na hatua, njo niveau: nimekwama ya kumi na mbili. Chekundu kiko katikati, kinakula pande zote. Nichoree njia.

Barua hii inabebwa na Papa Maurice, yule Munande wa boutique ya Kashuga anayepeleka chumvi na vitenge hadi kwenu Omate. Amening'iniza rozari kwenye guidon, usukani wa moto yake, ile pikipiki. Nimeangalia ile moto muzuri, nafikiri ni rozari njo inafanya kazi ya breki.

Mukubwa wako, na usisahau hilo,
Mukankusi


Omate, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Dada Mukankusi, mushindi wa niveau ya kumi na moja,

Salamu kutoka kwenye matope. Niko muzima. Nasema tena: niko muzima, juu najua utarudilia huu mustari. Mwambie Mama ninakula. Mwambie pia ninasali. Moja kati ya hizo mbili ni kweli kabisa.

Usiniulize juu ya shimo. Shimo liko.

Tunacheza saa sita, wakati motopompe inatoa maji na hakuna wa kushuka. Chef wetu wa shimo, Merdi, alisema muchezo usio na sauti ni kama mukate usio na chumvi. Sasa yeye njo anakuja wa kwanza kuuliza kama simu iko na batterie.

Ya kumi na mbili ni nyepesi. Kwa kuwa viduara havina majina na wewe utachanganyikiwa, nimevipa majina ya kwetu. Kile cha chini ni Nyamitaba. Cha kati ni Kashuga. Kile chekundu ni Omate, juu Omate inakula watu. Toa watu kumi Nyamitaba, peleka Kashuga, ngoja, halafu vyote viwili vipige Omate pamoja. Nimechora kwenye karatasi ya pili. Endelea kutumia majina hayo, tutaelewana.

Mimi nilishapita ya kumi na tano. Niko ya kumi na sita. Ni kuwa na akili tu, dada.

Jambo moja, kisha nafunga. Zamani hapa watu walikuwa wanauliza, "Weye ni wa wapi?" Siku hizi wanauliza, "Weye ni wa wapi kabisa?" Hilo neno kabisa limefika mwezi huu. Najibu wa Masisi, upande wa Nyamitaba, halafu nachimba kwa nguvu.

Réseau haiko, usijisumbue kupiga. Maurice anaondoka, ananipigia honi.

Théogène


Nyamitaba, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024, siku ya Matawi

Mudogo wangu Théogène wa Omate,

Mama anakusalimia. Goti pia linakusalimia. Ng'ombe haitupi kazi siku hizi, tunapumuzika. Majirani wameongezeka sana, hata ukikohoa kuna muntu wa kukuambia pole. Maharagi tutaona.

Niveau ya kumi na mbili ilikufa kwa njia yako. Ya kumi na tatu na ya kumi na ine nilizizika mwenyewe, bila musaada, andika hilo pahali. Lakini ya kumi na tano, Théo! Siku kumi sasa. Kila mara niko karibu, kila mara kile chekundu kinajaa kama maziwa yanachemuka, na mambo yanaisha. Wewe umeishinda. Basi nakuchorea kila kitu, na mishale na namba, uniambie kosa liko wapi. Angalia karatasi ya pili. Ninafanya hivi: toa ishirini Kashuga, peleka Nyamitaba. Ngoja hesabu ya kumi. Piga Omate toka nyuma wakati hawana watu. Wanaobaki waende kufunga njia.

Pale barrière, kizuizi cha askari kwenye daraja, sasa wanapasua bahasha zote kutafuta kitu cha kuchukua. Walichukua hata kalamu ya Maurice. Kwa hiyo barua hii nimeishona ndani ya kitambaa cha mufuko wake, kwa mukono wangu, na uzi wa rangi ileile. Hata yeye sikumwambia, juu Maurice akijua kitu, uso wake unakitangaza. Nilimwambia tu: "Ukifika, mupe Théogène mufuko wako aushike kidogo."

"Mufuko wangu? Ya kufanya nini?"

"Anapenda mifuko."

Akaniangalia, akapiga ishara ya musalaba, akaenda.

Jibu mbio. Sitaki kufa niko ya kumi na tano.

Mukankusi


Nyamitaba, tarehe 19 mwezi wa ine 2024

Mudogo wangu,

Mama anakusalimia. Salamu ni fupi leo.

Kavuo, bibi ya Maurice, alikuja kwangu jana. Hakukaa. Nilimupa kiti akakishika mugongo kama muntu anayetaka kukirudisha.

"Mama Mukankusi, ulimupa bwana yangu nini?"

"Barua."

"Barua gani inashonwa?"

Nikamwambia tena akae.

"Walipasua mufuko pale daraja," akasema. "Wamekuta karatasi. Namba za watu, mishale, Kashuga, Nyamitaba, Omate. Wanasema ni plan ya kushambulia. Wanamuuliza nani alichora, anasema hajui. Na hajui kweli! Unajua namna ya kusema hujui wakati hujui kweli? Inafanana na uongo."

"Tangu lini?"

"Tangu juma ya Pasaka."

"Na unakuja leo?"

"Nilikuwa nafikiri watachoka."

Nilimuelezea muchezo. Nilimuonyesha. Aliangalia vile viduara muda murefu, Théo, akauliza swali moja tu: "Maurice iko kifungoni juu ya hivi?" Nikasema ndiyo. Akaniachia kiti, akaenda.

Sasa usikilize. Jina lako liko mwanzo wa ile karatasi. Théogène wa Omate. Niliandika na herufi nzuri, unajua ninavyoandika. Toka huko. Usipite njia ya daraja, usirudi kwetu. Futa muchezo. Choma ya kwangu yote.

Mimi nitaenda barrière kuonyesha simu. Bado sijapanga siku, juu kila siku ninayopanga, miguu inakuwa na kazi ingine. Mumoja wetu lazima aseme ukweli, na Maurice hawezi: hatukumupa.

Hii inabebwa na Dorothée, anayeuza mafuta ya ngazi, ya mawese. Iko juu ya kikapu chake, wazi, bila bahasha. Nimejifunza.

Dada yako


Omate, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Dada,

Mama apewe salamu zake kwanza. Niko muzima. Safari hii nasema mara moja tu.

Dorothée alinikuta ninakula, nikaacha kula.

Siku ine mbele ya yeye kufika, wanaume wawili walifika kwenye mashimo, viatu safi. Muntu mwenye viatu safi hajakuja Omate kuchimba. Wakamuuliza Merdi, "Théogène wa Masisi ni nani hapa?"

Merdi hakuacha hata kutafuna. "Tuko na Théogène watatu. Mumoja aliondoka, mumoja iko na malaria, mumoja ni mulevi. Munataka yupi?"

"Yule anajua kuchora."

"Kuchora? Papa, hapa muntu akijua kuandika jina lake tunamufanya secrétaire."

Wakacheka, wakaenda. Mimi nilikuwa chini, ndani ya shimo, nasikia kila neno likishuka kama mawe madogo. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba lile shimo lisinitoe.

Unasema nitoke. Kwenda wapi? Njia ni moja, na inapita mbele ya macho yao. Muntu akiondoka leo, kesho wanasema, aha, njo yeye. Nikibaki, nabaki yule mulevi. Merdi amenipa hicho cheo, nakifanyia kazi.

Simu nimeifunga ndani ya plastiki, nikaizika. Nilitaka kwanza kufuta Vilima kama ulivyosema. Nikafungua. Nikacheza kidogo, kwa kuuaga tu. Ilikuwa saa nzima. Naona haya kukuambia: saa ile sikuogopa kitu. Ukurasa ni mweupe sana, dada. Hakuna anayekuuliza wa wapi kabisa. Sikuufuta.

Usiende barrière, nakuomba kwa magoti. Wewe ukiogopa, unacheka. Ulicheka kwenye maziko ya Papa, tukasema ni kikohozi. Wale hawatasema ni kikohozi.

Théogène, mulevi wa shimo la tatu


Kashuga, tarehe 16 mwezi wa tano 2024

Mudogo wangu,

Salamu za Mama ni ndefu, nazipunguza: kula, sali, vaa kitu kwenye kifua.

Barua yako ya kunikataza kwenda nimeipata. Asanti. Ilifika siku nane nyuma ya mimi kwenda.

Utaona nimeandika Kashuga juu ya karatasi. Acha nikuambie mbele hujauliza. Ile ya mwezi wa tatu, ambayo haikukufikia, niliiandika hapa hapa, nikaweka Nyamitaba. Ya mwezi wa ine pia. Tulikimbia mwezi wa tatu. Tuko ndani ya camp ya wakimbizi, chini ya bâche ya plastiki, Mama na mimi na panneau ya jua niliyoibeba mugongoni kama mutoto. Ng'ombe hatujui. Sikutaka uache kazi na kutembea kwa miguu katikati ya vita kuja kututafuta. Sasa umejua. Kasirika kidogo, halafu endelea kusoma.

Commandant wa daraja ni muntu wa sauti ndogo. Nilitamani awe mwenye kelele. Wa kelele unajua anafika wapi. Karatasi yangu ilikuwa mezani, chini ya thermos yake, na uzi wangu bado uko pembeni.

"Madame, ni wewe ulishona?"

"Njo mimi."

"Unashona muzuri."

"Asanti, mon commandant."

"Soma."

Nikasoma. Toa ishirini Kashuga. Ngoja hesabu ya kumi. Piga Omate toka nyuma wakati hawana watu. Théo, maneno hayo ukiyasoma kwa sauti mbele ya watu wenye bunduki, yanabadilika. Mimi mwenyewe nilianza kujishuku.

"Omate niko na watu," akasema. "Ni lini hawana watu?"

Hapo kicheko kilipanda. Nilikimeza, kikatokea puani. Askari mumoja alishika bunduki yake vingine. Nikasema, "Ni mafua, mon commandant," nikatoa simu, na yeye mwenyewe akaishika kwa upande ule mwingine.

"Ni muchezo," nikasema. "Angalia. Kiduara hiki ni hiki. Na hiki ni hiki."

Alilinganisha karatasi na simu, polepole, kama muntu anayelinganisha sura na carte ya kura. "Hapa sioni pahali pameandikwa Omate."

"Majina tuliweka sisi. Viduara havina majina."

"Na kwa nini muntu anapa muchezo majina ya pahali kuna vita?"

Njo majina tuko nayo. Hatuna mengine.

Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Sawa. Kama karatasi ni ya muchezo, cheza karatasi. Ukishinda, ni muchezo. Ukishindwa, ni kitu ingine."

Nilicheza karatasi. Mishale yote, hesabu zote. Kile chekundu kikatumeza. Akasema, "Tena." Nikacheza tena. Kikatumeza. Askari watatu walikuwa wameinama juu ya bega langu, nasikia pumzi zao.

Njo nikasema kitu ambacho nilipashwa kukaa nacho: "Mudogo wangu ameshinda hii ya kumi na tano. Ataniandikia njia."

"Yule wa Omate?"

"Yule."

"Tutamungoja," akasema. "Na bwana wa moto atangoja pia."

Tangu siku ile ninaenda kila asubui saa mbili, nakaa kwenye ubao mbele yake, nacheza, nashindwa, narudi. Nikipumuzisha macho, anachukua simu, anasema ni kwa uchunguzi. Amechunguza mara kumi na moja. Akishindwa, sauti yake inakuwa ndogo zaidi, na askari wote wanakumbuka kazi za mbali.

Maurice wanamuweka nyuma ya kibanda. Ndevu zimeota nyeupe, sikujua iko nazo nyeupe. Nilipita karibu yake akauliza, "Mama Mukankusi, ndani ya mufuko wangu kulikuwa nini?" Nikamwambia. Hakunitukana. Afazali angenitukana. Aliuliza kama moto yake inanyeshewa.

Tarehe 10 ya mwezi wa sita wanamupandisha kwa wakubwa. Watu wa hapa wameona wengi wakipandishwa. Hawajaona anayeshuka.

Kwa hiyo andika, Théo. Kila mushale, kila hesabu. Dorothée anarudi huku kwa mbio, nimemuomba. Ni wewe peke yako umeishinda.

Mukankusi


Omate, tarehe 30 mwezi wa tano 2024

Dada,

Mwambie Mama nimevaa kitu kwenye kifua.

Sijaishinda.

Nimeandika mustari huo mara ine kwenye karatasi ingine, mbele ya kuweza kuuandika hapa. Sijaishinda, na ya kumi na sita sijawahi kuiona. Nilikwama palepale ulipokwama. Nilikuandikia vile ili kuwe na pahali pamoja tu duniani ambapo mudogo wako anakutangulia. Wewe ulidanganya juu ya kijiji, mimi nilidanganya juu ya niveau. Uongo wako ulikuwa wa huruma. Wangu, hata sijui niuite nini.

Siku Dorothée alifika nilizikua simu. Nikamwambia Merdi kila kitu, na jina langu, na karatasi. Nilifikiri atasogea mbali na mimi. Akasema, "Leta hiyo simu, mulevi." Akaita wachimbaji sita. Siku tano, dada, saa zote za motopompe, wanaume wanane kuzunguka kioo cha upana wa mukono. Hawajui kusoma wote, lakini kugombana juu ya kilima wanajua. Mumoja anasema tungoje, mwingine anasema weye unangoja tangu uzaliwe, umepata nini? Merdi alichora njia makumi tatu na moja kwenye udongo na kijiti. Tumezijaribu zote. Kila mara, saa ile tu tunapoanza kupumua, mambo yanaisha. Jana mumoja wao alilia. Hakujua hata Maurice ni nani.

Njia haiko, kwa hiyo naleta kile nilicho nacho. Tarehe 3 ya mwezi wa sita nashuka. Nitatembea na wabeba mizigo, nitakuwa daraja mbele ya tarehe 10. Jina kwenye karatasi ni langu. Maurice alibeba tu mufuko.

Usimwambie Mama. Kama ameshasimama nyuma yako anasoma: Mama, nimevaa kitu kwenye kifua.

Ninaogopa sana, dada. Nilitaka tu kuiandika kwa muntu.

Théogène


Kashuga, tarehe 7 mwezi wa sita 2024

Théo,

Pahali Dorothée anakukuta, simama pale pale. Usiweke hata hatua moja kuja huku. Nimemwambia aangalie uso wa kila mwanaume njiani, hata wanaolala. Kama barua hii inasomwa na muntu mwingine, basi umeshapita, na sitaki kuandika neno la mbele ya hapo.

Mama hajui kitu. Aliniuliza kwa nini naandika nimesimama.

Maurice iko nyumbani tangu jana. Alitembea kutoka daraja hadi boutique, moto ikabaki kule. Kavuo alimuosha kama mutoto, amelala, na amesema kitu kimoja tu: mufuko wowote usikae ndani ya nyumba. Kavuo anasema ni novena yake. Mama anasema ni maombi yake, alifunga siku tatu. Watu wa camp wanasema commandant ana mama pia. Kila muntu ana yake na mimi nimewaachia, lakini nilikuwa pale.

Barua yako ilikuwa imenifikia asubui ile. Nilikwenda daraja na ile "sijaishinda" yako ndani ya mukanda wa kitenge, bila kitu cha kumuonyesha. Sikucheka hata kidogo. Nilijua sasa hofu ni ya kweli.

Commandant hakuniuliza kama mudogo wangu ameandika. Alikuwa anacheza. Pembeni walikuwa wamesimamisha watu wa kukaguliwa, na kati yao mwalimu Uwitonze, anayefundisha Kiingereza, na daftari zake chini ya mukono. Commandant akashindwa. Unajua wewe pia inavyokuwa: ukurasa wote unageuka kijivu, mistari miwili ya Kiingereza inapanda, na sisi wote tunaifunga mbio, juu nani anataka kutukanwa na simu? Safari hii hakuifunga. Alinyoosha mukono.

"Mwalimu. Njoo. Hii inanitukana vipi?"

Uwitonze akasoma. Akamuangalia commandant, akaniangalia mimi, akasoma mara ya pili. Kisha akatafsiri, kwa sauti ndogo kuliko hata ya commandant mwenyewe.

Commandant akaweka simu juu ya karatasi yangu. Halafu akasema, si kwangu, si kwa muntu: "Plan ya vita haiwezi kusema hivyo." Akasema mumutoe bwana wa moto. Akanipitisha mbele yake bila kuniona. Simu alibaki nayo, na moto, na ile karatasi pia, na jina lako bado liko juu yake, njo sababu nakuambia simama pale ulipo, rudi na wabeba mizigo, uwe mulevi hadi nikuandikie.

Nilimuomba Uwitonze aniwekee maneno yale kwenye kipande cha daftari lake, ili nawe uyaone na macho yako, wewe na Merdi na wale sita. Ameandika hivi: muchezo wa bure unaishia niveau ya kumi na ine. Ya kumi na tano inaonyeshwa dakika tatu tu, kwa wanaotaka kununua.